Mlio Mmoja Mfupi

Sekei, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Saruni,

Mwalimu wa darasa la ubatizo alitufundisha kwamba barua huanza na salamu, na salamu hazirukwi. Kwa hiyo nakusalimu kama mtu wa mbali, ingawa saa hii uko Levolosi tu, unaaga wajomba zako, na leo bado utalala hapa, upande wa ndama. Utakapoifungua utakuwa umeshafika Moshi. Basi nakusalimu ukiwa Moshi.

Koko, bibi yako, anakusalimu. Macho yake hayajapata nafuu, lakini amemaliza uji wote na amegombana na jogoo, kwa hiyo ni mzima. Baba yako anakusalimu, mguu wake unamuuma jua likishuka kama unavyojua, na amesema nisiandike kwamba ana huzuni, basi siandiki. Dada yako Namunyak anakusalimu. Alikuwa analia pale kwenye migomba akasema ni vumbi, na mvua imenyesha tangu asubuhi. Ng'ombe mwekundu amezaa vizuri. Mama yako mdogo Nasieku anakusalimu sana sana. Amekushonea mshipi wa ngozi, uko chini ya shuka lako, usidhani nimeusahau mimi. Nasieku nimemweka wa mwisho kwa sababu habari yake ndiyo barua yenyewe. Na mimi yeyo wako ni mzima wa mwili. Wa kichwa sijui.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kukiweka kwenye karatasi. Lugha yetu naijua mdomoni tu. Pengine ni heri. Haya ninayotaka kuyasema, kwa lugha yetu yangenitoa machozi kabla hayajafika kwenye kalamu.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Kula kwa wakati, usilale na nguo mbichi, usikopeshe blanketi, hayo umeyasikia tangu juzi mpaka umeanza kunijibu "ndiyo, yeyo" kabla sijafungua mdomo. Nina jambo moja ambalo sijawahi kukuambia. Nimelizunguka leo siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitaanzia kwenye ule waya wa simu, wa kazi yako.

Unakumbuka Jumapili tulivyokaa tukila ndizi, ukatueleza kazi yako. Ulisema, "Kule Moshi nitakaa kwenye kiti. Chombo kikigonga, naandika. Kikigonga habari ya hatari, naipeleka kwa bwana mkubwa, naye anatoa askari."

Nikakuuliza, "Anayegonga yuko wapi?"

"Popote waya ulipofika, yeyo."

"Unamwona?"

"Hapana."

"Unaijua sauti yake?"

"Hana sauti. Ni kugonga tu."

"Sasa utajuaje kwamba anaogopa?"

Ukacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Kisha mama yako mdogo akaunyoosha mkono, nawe ukaiona ile bangili yake ya waya, aliyoitengeneza kwa kile kipande kilichookotwa kule tambarare twiga walipoangusha nguzo. Ukakasirika kama karani mzee. "Mama mdogo, hiyo ni sauti ya serikali umeivaa." Naye akaiweka bangili sikioni, akafumba macho, akasema, "Ngoja nisikie inasema nini. Inasema mwanangu ale ndizi zake zisipoe." Hata baba yako alicheka.

Halafu ukasema maneno mawili, ukayasema ukiwa unatafuna, na mimi nikaiweka ndizi yangu chini. La kwanza, kwamba kila asubuhi, kabla ya habari yoyote, watu wa waya hugongeana kidogo tu, si kwa neno lolote, ila kujuana kwamba waya ni mzima na kila mtu yupo. Na asipojibu mmoja, anatumwa mtu kuufuata waya kwa miguu hadi aone kumetokea nini. La pili, kwamba kijana mmoja bomani alimwamsha bwana mkubwa kwa habari ya hatari, kumbe amesikia vibaya, akapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wenzake, na sasa wanamwita Bwana Vita. "Kwa hiyo," ukasema, "kule ni kuwa na uhakika kwanza."

Hilo neno uhakika, Saruni. Tangu Jumapili silali nalo vizuri.

Sasa nitakuambia. Wewe ulikuwa mtoto wa mgongoni. Boma la Wadachi halijajengwa, na huko mjini palikuwa pori tu, na wezi wa ng'ombe walikuwa wanakuja wakitaka. Sisi wa kando ya mto Themi tulikuwa na utaratibu wetu. Maboma matatu ya ukoo yalifuatana kupanda mlima. La chini kabisa, karibu na kivuko, lilikuwa la Lemali, mume wa Nasieku. Katikati sisi. Juu yetu, kule mwanzo wa msitu, boma la wazee, ambako vijana wenye mikuki walikuwa wanalala. Kila boma lilikuwa na pembe ya tandala. Kila asubuhi baada ya kukamua, Lemali alipiga mlio mmoja mfupi. Maana yake, tupo. Sisi tukisikia, tunapiga wetu. Wa juu wakisikia wetu, wanajua chini kote ni salama, wanakwenda zao kwenye kazi. Milio mirefu mitatu ilikuwa ya hatari. Na wa chini asipolia kabisa, wa katikati hangoji, anapiga mirefu mitatu, vijana wanashuka. Kimya nacho kilikuwa kinaita. Ulipotueleza ya waya nilitaka kukuambia, mwanangu, hiyo tulikuwa nayo, hakuna jipya ila kiti.

Pembe haikuwa kitu cha mwanamke. Lakini babu yako alikuwa amebaki bila meno ya mbele, pumzi inamtoka pembeni, pembe inatoa sauti ya ndama mgonjwa. Na baba yako mwaka ule alikuwa na ng'ombe tambarare, miezi haonekani. Babu akaniita nyuma ya nyumba kama mtu anayenipa kitu cha wizi, akanifundisha. Nilijifunza kwa siku moja. Nilijiona mtu, nisikudanganye.

Halafu nikafanya kosa la kwanza, lile la kuchekesha. Ilikuwa mchana. Nikasikia ua unavunjwa, vishindo, kitu kinanguruma ambacho sikijui. Nikapiga mirefu mitatu kwa nguvu zangu zote. Vijana wakashuka wakikimbia, mikuki mbele, jasho, wengine wamekwaruzwa na miiba. Wakamkuta beberu wa babu ameingiza kichwa kwenye mzinga mtupu wa asali, umemkwama, anakimbia akigonga ua kila upande.

Mmoja wao akamsogelea akamwinamia, akauliza, "Huyu mateka ni wa ukoo gani?"

Mwingine akasema, "Usimkaribie, ana silaha kichwani."

Walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilicheka, ungefanyaje. Lakini tangu siku ile jina langu likawa Mama Beberu. Nikienda mtoni, wasichana wananiuliza, "Mama Beberu, leo adui ana pembe ngapi?" Kwenye pombe ya asali wakaninyooshea kidole wakaimba. Na mkubwa wa vijana wa boma la juu akamwambia babu yako, mbele yangu, bila kunitazama, "Mzee, tafuta mtu wa kupiga pembe. Safari nyingine tutamaliza kula kwanza." Usiku huo babu alinirudishia pembe mkononi, akasema, "Lia tu." Maneno mawili. Sikuyafuata.

Nikawa mtu wa kuhakikisha. Nikisikia kitu, natoka, nachungulia, nazunguka ua, nauliza. Watu wakasema, naam, sasa amekuwa mtu mzima.

Miezi ikapita. Ikafika asubuhi ile ya ukungu. Ukungu wa Meru unaujua, unashuka ukakaa juu ya migomba mpaka huoni mkono wako. Nilimaliza kukamua, nikakufunga mgongoni, nikashika pembe nikasubiri mlio wa Lemali. Kimya. Nikasubiri. Nikasogea hadi kwenye kichuguu kile cha chini, kimya. Wewe ulikuwa unacheza na shanga za shingo yangu, nakumbuka ulizivuta.

Nikawaza, ukungu umeumeza. Ukungu humeza sauti, si uongo. Nikawaza, jana walikuwa na pombe, Lemali amelala. Nikawaza, nikipiga mitatu, vijana watashuka kwenye umande ule, watamkuta Lemali anapiga miayo, na mimi nitaitwa nani sasa. Nikasimama pale na pembe mdomoni. Sijui nilisimama muda gani. Juu walikuwa wananisubiri mimi, na nilijua wananisubiri.

Nikapiga mlio mmoja mfupi.

Nimeandika mstari huo nikaiweka kalamu chini, nikaenda kuwapa ndama majani, nimerudi. Nilipiga tupo. Sikuwa nimesikia tupo. Nilichukua kimya cha watu wa chini nikakipeleka juu kikiwa kimegeuzwa salama. Na vijana wakasikia, wakachukua majembe na mashoka, wakaenda msituni kukata nguzo.

Jua lilipotoboa ukungu nikaona hakuna moshi kwenye paa la Lemali. Hapo ndipo nikapiga mitatu, tena na tena, na wale vijana walikuwa mbali msituni, wakachelewa kufika. Wezi walikuja alfajiri. Ng'ombe wote walikuwa wamekwenda. Lemali alichomwa mkuki langoni, chini ya mbavu. Nasieku alikuwa amemlaza kwenye mapaja yake, amekaza jeraha kwa ngozi ya kuvaa, mikono miwili, asingeweza kuiachia akimbie. Pembe yao ilikuwa imeanguka hapo magotini. Alijaribu kuipuliza kwa kuishika kwa magoti, ikatoa mate tu. Lemali alikuwa anamwambia, "Usihangaike. Tukinyamaza watajua. Shemeji atapiga." Alikuwa bado anaongea jua lilipotoka. Tulipofika alikuwa haongei tena.

Wazee wakauliza. Nikasema nilisikia mlio wa Lemali. Nikasema, labda walishambuliwa baada ya kupiga. Wakaniamini, kwa sababu nilikuwa mtu mwenye uhakika. Wengine wakasema jeraha lile hata wangefika upesi lisingepona. Labda. Sijui. Nimelishika hilo labda miaka yote hii, limechakaa mkononi.

Nasieku akaja kukaa kwetu. Siku ya nne au ya tano, tunasukasuka maziwa kwenye vibuyu, mimi na yeye peke yetu, akaniambia kwa sauti ile ile ya kuniomba chumvi, "Niliusikia mlio wako." Basi. Akaendelea kusuka kibuyu. Alikaa pale na mtu anayetokwa damu, akanisikia mimi dada yake nikiwaambia watu wote kwamba wao wazima. Hakumwambia mtu. Hakunirudia tena maneno hayo. Amekubeba, amekulea, umemwita mama. Nami kila nikisikia anacheka, kama Jumapili na ile bangili, nafurahi na naogopa kwa pamoja, sijui nifanye lipi kwanza.

Sasa usije ukasema, yeyo, mambo ya zamani, sasa kuna boma. Nimeona na ya sasa. Ulikuwa mdogo baba yako alipokuwa mlinzi kwa yule Mdachi wa ng'ambo ya Themi. Yule bwana alizungushia zizi lake kamba, kila hatua chache makopo matupu yamefungwa mawili mawili, mnyama akigusa yanagongana. Kitu cha akili. Ila upepo nao ulikuwa unagusa. Na ndege. Na mbwa mwenyewe mkia wake. Baba yako alitoka mbio siku za kwanza, akatoka kwa miguu siku zilizofuata, mwisho akayatia majani makavu ndani ili apate usingizi. Chui akachukua ndama. Bwana akamuuliza, "Kwa nini makopo hayakulia?" Baba yako akajibu, "Yamechoka, bwana." Tulicheka sana alipotusimulia, na kazi akapoteza. Lakini mimi nilipomaliza kucheka nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Baba yako hajui kwa nini. Akiuliza utamweleza wewe, mimi siwezi.

Na boma nalo lilikuja na tarumbeta yake, jumbe akapita akisema pembe zisilie tena, zinawatia wasiwasi askari, mwenye shida aende bomani akaseme. Tukaambiwa hii ndiyo amani. Na kweli wezi wamepungua, siwezi kukana. Lakini mtu aende bomani akaseme, kwa mguu, kwa lugha ya watu, asimame mlangoni asubiri. Mwenye mikono miwili kwenye jeraha anakwendaje? Ile pembe yetu niliificha darini. Sijaipuliza. Panya wamekula ukingo wake.

Na sasa wewe unakwenda kuwa sikio. Hapa ndipo nachanganyikiwa, nisikufiche. Najivunia. Nimewaambia wanawake wote wa darasani, na waliokuwa hawaulizi pia. Lakini pembe yetu ilikuwa inawaita watu wetu waje kwetu. Huo waya unaita askari, na askari wakija hawaulizi daima nani kaita na nani kaibiwa. Je, siku moja ukigongewa kwamba huku Sekei kuna hatari, hatari hiyo itakuwa imetupata sisi, au hatari yenyewe itakuwa ni sisi? Nilitaka nikupe neno la kushika hapo. Nimelitafuta. Nikiandika "lipeleke," mkono unakataa. Nikiandika "lifiche," namwona Lemali. Sina. Baba yako naye nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akasema, "Mtoto ana akili." Akili ninazo hata mimi, ndizo zilizonisimamisha kwenye kichuguu.

Ninachokijua ni kidogo. Kile ambacho hukukisikia, usiseme umekisikia. Ukiulizwa asubuhi waya wa mahali fulani uko vipi, na umekaa kimya, sema umekaa kimya. Usiwasemee salama watu ambao hawajasema. Watakucheka, watakutafutia jina. Mimi nililibeba la Mama Beberu mwaka mzima, na leo ningelipokea tena kwa mikono miwili niitwe hivyo hadi kaburini. Fimbo sizijui, sitakuambia kwamba hamsa ishirini si kitu. Ni kitu. Lakini nakuomba hata hivyo, na unisamehe kwamba nakuomba.

Leo mchana nilimwambia Nasieku ninachotaka kukuandikia. Alikuwa anamalizia ule mshipi, ameshika uzi kwa meno. Nikasema, "Nitamwambia habari ya asubuhi ile." Akautoa uzi mdomoni.

"Yote?"

"Yote. Ukikataa, naacha."

Akashona tundu tatu. Kisha akasema, "Mwandikie. Ila mwambie na hili, wewe hujawahi kulijua. Nilipousikia mlio wako nilimwambia Lemali ni mirefu mitatu. Nilimwambia wanakuja. Alikufa anajua wanakuja."

Saruni, sijui nifanye nini na maneno hayo. Nimeyaandika jinsi alivyoyasema. Nilitaka kumshika mkono, akaniambia nisimharibie mshono.

Ndani ya karatasi hii nimeweka majani mabichi ya hapa uani. Yatakuwa yamekauka, yashike hivyo hivyo, ndiyo baraka, na mate nitakutemea alfajiri mwenyewe, hayo hayaandikiki.

Wapagazi wanaokwenda nawe watarudi Arusha siku ya soko baada ya hii ijayo. Mnyapara wao nimeshazungumza naye, anapita kivuko cha Themi, nitakuwa pale nimesimama. Mpe karatasi. Usingoje upate habari nzuri ya kuandika, wala usingoje ujue kama kazi inakufaa au haikufai, na kama umechanganyikiwa kama mimi andika hivyo hivyo vilivyochanganyika. Ukikosa muda, andika neno moja, nipo. Nitalisoma mimi, nimsomee na koko. Lakini akifika yule mnyapara mikono mitupu, sitajiambia kwamba ni mvua, au kwamba umelala. Nasieku na mimi tumekwishapanga. Tutashika fimbo siku hiyo hiyo tuje Moshi kwa miguu, tusimame mbele ya hicho kiti chako na wenzako wote wakitazama, na kama tutakukuta unakula ndizi, mzima, basi wacheke.

Mimi yeyo wako.